Ndege ya Septemba

Kila mwaka, ifikapo nusu ya pili ya Septemba, viwanja vya ndege vya New York na vya jirani hujaa jeti zenye bendera mkiani. Ni msimu wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Na katika ukanda wetu, mjadala wowote wa kununua jeti kubwa ya masafa marefu, uwe wa ikulu au wa bodi ya kampuni, haukosi kuishia kwenye safari hiyo moja: je, itafika New York bila kutua? Mimi nadhani swali hilo ndilo linalotutia hasara. Ndege inanunuliwa kwa ajili ya siku moja ya mwaka, kisha inalipiwa siku zote 365.

Nianze na ndege tunayoijua. Mwaka 2004 Tanzania ilipokea Gulfstream G550, ikasajiliwa kwa alama 5H-ONE. Watu wa rika langu hawaikumbuki alama hiyo, wanakumbuka nyasi: kauli iliyonasibishwa na Waziri wa Fedha wa wakati ule, Basil Mramba, kwamba ndege ya Rais itanunuliwa hata ikibidi wananchi wale nyasi. Neno hilo lilimganda hadi mwisho wa maisha yake, na likaufunika mjadala mzima. Tulibishana kama nchi maskini inastahili jeti. Waliouliza jeti itakuwa inakwenda wapi, mara ngapi, na ikiwa imebeba watu wangapi, kama walikuwepo, sauti zao hazikunifikia.

Kama mashine, haikuwa chaguo baya hata kidogo. Ilikuwa mpya sokoni, imepata cheti Marekani Agosti 2003. Injini mbili za Rolls-Royce BR710, uzito wa juu wa kurukia tani 41 na ushee, mafuta tani 18.7, na uwezo wa kupanda hadi futi 51,000, juu kabisa ya msongamano wa ndege za abiria. Ndani, dari iko mita 1.88 na upana ni mita 2.24, yaani si pana kupita Coaster kwa kiasi cha kumshangaza konda. Anayedhani jeti ya namna hii ni sebule inayopaa atashangaa akiingia. Kinachofanya watu wailipie hakionekani kwa macho, nacho ni hewa. Ikiwa kwenye futi hizo 51,000, hewa ya ndani inakuwa kama ya mahali palipo mita 1,830 juu ya usawa wa bahari, kama vile umekaa Nakuru. Katika ndege nyingi za abiria hewa hiyo huruhusiwa kufikia ile ya mita 2,400. Kwa safari ya saa mbili hutaona tofauti. Kwa safari ya saa kumi na mbili, miguu na kichwa vitakwambia.

Sasa tuje kwenye umbali, maana hapo ndipo wauzaji hutabasamu.

Karatasi ya kiwanda inasema G550 inakwenda kilomita 12,500. Pima Dar es Salaam hadi New York kwa mstari ulionyooka juu ya tufe: utapata takriban kilomita 12,430. Hesabu inaingia kama ufunguo kwenye kitasa, na kilomita 70 zinabaki. Ukiwa mjumbe wa kamati ya manunuzi unaweza kufunga jalada hapo hapo ukaenda kunywa chai.

Lakini soma maandishi madogo. Kilomita hizo 12,500 ni kwa mwendo wa asilimia 80 ya mwendo wa sauti, ambao kwa jeti kama hii ni mwendo wa kubana matumizi. Ni kwa abiria wanane. Na ni kwa anga isiyo na upepo. Mabaharia wetu walikuwa na maneno mawili yanayomaliza somo hili, tezi (nyuma ya chombo) na omo (mbele yake), na kila nahodha wa jahazi alijua kwamba upepo wa tezi na upepo wa omo haufanyi safari moja. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini upepo huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo anayetoka Afrika kwenda Marekani anaupokea usoni. Chukua wastani wa upole tu, kilomita 45 kwa saa, kwa safari nzima. Kwa mwendo ule ndege inakaa angani saa 14 na dakika 40 hivi. Zidisha: upepo umekula takriban kilomita 660. Uwezo umeshuka hadi kilomita 11,840, na New York bado iko karibu kilomita 600 mbele. Kwa upepo huohuo, kutoka Nairobi, ambako umbali ni kama kilomita 11,830, ingefika kwa chupuchupu, na sidhani kama kuna rubani mwenye akili timamu angekubali kusaini mpango wa safari wa namna hiyo.

Na huo mstari ulionyooka haupo. Anga ya Sudan ilifungwa kwa safari za kiraia vita vilipoanza Aprili 2023. Niger ilifunga yake Agosti mwaka huohuo baada ya mapinduzi, ikaifungua mwezi uliofuata. Anayeruka kutoka kwetu kwenda kaskazini au magharibi anapaswa kupanga akijua kwamba nchi moja katikati inaweza kufunga mlango usiku, naye akalazimika kuzunguka. Jeti ikihesabiwa kuwa ndege ya serikali mambo yanaongezeka, kwa sababu Mkataba wa Chicago wa 1944 hauiruhusu kupita juu ya nchi nyingine bila kibali maalumu cha nchi hiyo. Jeti ya tajiri inapita kwa taratibu za kawaida za kiraia. Ya Rais inasubiri barua ya ubalozi.

Kuna jambo la tatu ambalo sijawahi kulisikia likisemwa bungeni wala kwenye vikao vya bodi, nalo ni la uzito. G550 inaweza kupangwa viti hadi 19. Ukijaza tangi zote, uzito unaobaki kwa watu na mizigo ni takriban kilo 800. Gawanya kwa mtu na sanduku lake: ni watu wanane, au tisa ikiwa ni wembamba na hawakupita madukani. Msafara gani wa kiongozi wetu umewahi kuwa watu wanane? Kwa hiyo hata siku ambayo upepo umelala na nchi zote zimefungua anga, ama unapunguza mafuta uchukue msafara, ama unapunguza msafara uchukue mafuta. Waliobaki watapanda ndege ya abiria, na tiketi zao zitalipwa juu ya gharama ya jeti.

Jibu la muuzaji kwa haya yote ni rahisi: nunua kubwa zaidi. Na kweli zipo. Gulfstream G650ER inakwenda kilomita 13,890. Bombardier Global 7500, iliyoingia kazini mwishoni mwa 2018, inafika 14,260. Gulfstream G700, iliyopata cheti Machi 2024, inafika 14,350, na G800 iliyofuata 2025 inavuka 15,000. Hizo zitakutoa Dar hadi New York hata upepo ukiwa na hasira. Lakini hapo tunazungumzia bei inayozidi dola milioni 70 kwa mpya, kabla hujachagua rangi ya zulia.

Tujiulize nyongeza hiyo inanunua nini hasa. Inanunua kutokutua. G550 iliyotoka Dar inaweza kushuka Las Palmas au kisiwa cha Sal huko Cape Verde, ikajaza mafuta, ikaondoka. Ukijumlisha kushuka, kujaza na kupanda tena, umepoteza kama saa moja na nusu. Hata mafuta hayapotei kwa kiasi unachodhani, maana katika safari ndefu sana sehemu ya mafuta huchomwa kwa kazi ya kubeba mafuta mengine. Kwa hiyo makumi ya mamilioni ya dola yamenunua dakika 90, Septemba hadi Septemba. Wakati wa kurudi upepo uko tezini na kituo hicho kinaweza kisihitajike kabisa.

Nenda sasa kwenye safari zinazofanyika kweli. Dar hadi Addis Ababa, makao ya Umoja wa Afrika, ni kilomita 1,760. Dubai ni kama 3,975. London ni 7,500. Beijing, mbali kuliko zote hizi, ni kama 9,430. Hakuna hata moja inayohitaji ndege ya kilomita 14,000, na tatu za kwanza hazihitaji hata hiyo G550. John Magufuli alikaa ikulu zaidi ya miaka mitano bila kutoka nje ya bara la Afrika akiwa Rais. Uamuzi ule una wapenzi wake na wapinzani wake, mimi siingii humo. Nasema tu kwamba kwa kipindi chote hicho nchi ilikuwa na ndege yenye uwezo wa kumfikisha China bila kutua, na safari za kiongozi wake zilikuwa za Afrika.

Kisha kuna Dodoma. Kutoka Dar ni kilomita 390 kwa njia ya anga, mwendo ambao jeti kubwa hata haijapanda vizuri inaanza kushuka. Maisha ya injini hayahesabiwi kwa saa peke yake, yanahesabiwa pia kwa mara ngapi imewashwa, ikasukumwa hadi nguvu za juu na kuzimwa. Miguu ya ndege inahesabiwa kwa kutua. Safari ya dakika 45 inaila ndege hiyo kutua kumoja sawa na safari ya saa 12. Ukiitumia jeti ya mabara kama daladala ya Dodoma unakuwa umenunua kitu cha gharama na kukichakaza kwa namna ya gharama zaidi. Kwa njia ile ndege ya pangaboi inatosha na kubaki, na tangu 2024 kuna treni ya SGR. Natania nusu tu.

Sehemu ngumu ya hesabu, hata hivyo, ni ndege ikiwa imelala. Jeti ya aina hii inakula kama lita 1,450 za mafuta kwa saa ikiwa angani, na watu wengi huishia hapo wakidhani ndiyo gharama. Mafuta ni gharama ya hiari, usiporuka hulipi. Marubani wanalipwa mshahara uruke usiruke. Nao si wawili: safari ya saa 14 haiwezi kufanywa na marubani wawili bila kuvunja kanuni za muda wa kazi, unahitaji wa tatu na pengine wa nne, pamoja na mahali pa wao kulala ndani ya ndege. Wote hao wanapaswa kurudi kwenye simuleta, mashine ya mazoezi ya urubani, mara kwa mara, nje ya nchi, kwa dola. Bima inakwenda kwa mwaka. Hanga vilevile. Ukaguzi mkubwa wa ndege hizi unafuata kalenda, na ule wa miezi 96 unafika hata kama ndege imeruka saa chache tu. Kwa Pwani yetu ongeza chumvi. Ndege iliyosimama Dar, au Mombasa, inaliwa na hewa ya bahari kwa namna ambayo iliyosimama Nairobi haijui.

Tuseme, kwa mfano tu, gharama hizo zisizosogea zinafika dola milioni 2 kwa mwaka. Ukiruka saa 400, kila saa inabeba dola 5,000 kabla ya mafuta. Ukiruka saa 150, inabeba zaidi ya 13,000. Hapa sijagusa kushuka kwa thamani. G550 iliacha kutengenezwa 2021, na zile za mwanzo leo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei zilizonunuliwa nayo. Wenye kampuni huelewa lugha hii haraka. Serikali huwa haiielewi, kwa sababu kushuka kwa thamani hakuna ankara inayofika mezani kwa katibu mkuu.

Kenya wametupa somo la upande wa pili. Ndege ya Rais wao ni Fokker 70 iliyonunuliwa 1995, ndege nzuri ya kwenda Kampala au Kigali, isiyo na uwezo wa kuvuka bahari. Mei 2024 Rais William Ruto alipokwenda Marekani kwa ziara ya kitaifa, alipanda Boeing 737 ya kifahari iliyokodiwa kutoka kampuni ya RoyalJet ya Abu Dhabi. Magazeti yakataja gharama ya karibu shilingi milioni 200 za Kenya, Wakenya wakawaka. Rais akajibu kwamba safari iligharimu chini ya milioni 10, kwa kuwa marafiki walisaidia. Kwa macho ya hesabu, kelele zile zilielekezwa pabaya. Milioni 200 ni kama dola milioni moja na nusu, pungufu ya zile milioni 2 za mfano wangu ambazo mwenye ndege angezilipa hata asiposafiri kwenda popote. Kukodi kwa safari moja kubwa kwa mwaka ni jambo la busara. Kilichostahili kuulizwa ni kuhusu hao marafiki, kwa sababu urafiki wa kulipiana jeti una ankara yake, na huwa haiandikwi kwa shilingi.

Wapo wanaoona dawa ni kuuza tu. Malawi walifanya hivyo 2013, Joyce Banda alipoiuza ndege ya Rais kwa dola milioni 15, na dunia ikashangilia. Juni 2024 Makamu wa Rais wa nchi hiyo, Saulos Chilima, alifariki pamoja na wenzake katika ajali ya ndege ya jeshi aina ya Dornier 228 iliyokuwa ikielekea Mzuzu. Nimesikia watu wakiyaunganisha mambo haya mawili, wakisema ubahili unaua. Sikubaliani. Jeti kubwa ya masafa marefu haina kazi kwenye uwanja mfupi kama wa Mzuzu. Safari ile ingehitaji ndege ndogo hata kama jeti ingekuwepo. Tukichota funzo humo, ni kwamba fedha zinazomezwa na ndege ya mabara zinaweza kuwa zinanyimwa ile ndogo ambayo viongozi, wagonjwa na maofisa wanaipanda kila wiki.

Ningekuwa nimekaa kwenye meza ya mnunuzi, wa serikali au binafsi, ningepinga jeti mpya ya daraja la G700 kwa mtu yeyote wa ukanda huu ambaye havuki Atlantiki angalau mara moja kila mwezi. Wapo wanaovuka: mfanyabiashara mwenye ofisi Nairobi, Toronto na Singapore, na ambaye saa zake zina bei inayojulikana, anaweza kufanya hesabu na ikatoka. Kwake, uwezo wa ziada una faida nyingine, kwa mfano kubeba mafuta ya bei nafuu kutoka Ghuba yamtoshe kwenda na kurudi, au kupita bila kutua juu ya mahali asipopaamini. Kwa wengine wote ningependekeza ndege ya kati ya kufika London, iliyo imara kwenye viwanja vya juu na vya joto, halafu ya kukodi kwa Septemba. Najua pendekezo hili halina fahari. Hakuna anayepiga picha mbele ya mkataba wa kukodi.

Na kama moyo umeshaipenda kubwa, basi inunuliwe iliyotumika, na fedha iliyookolewa iwekwe kwenye matengenezo. Hapo usianze na ngozi ya viti. Omba kitabu cha kumbukumbu za ndege na uweke saa ilizoruka kando ya idadi ya kutua: ndege yenye saa 6,000 na kutua 1,500 ilikuwa ikifanya safari ndefu ilizozaliwa kwazo, yenye saa 6,000 na kutua 5,000 ilikuwa daladala ya mtu. Uliza ililala wapi, karibu na bahari au jangwani. Uliza ukaguzi mkubwa wa mwisho ulifanyika lini, kwa sababu muuzaji anayejua anauza miezi sita kabla ya ukaguzi, si miezi sita baada yake. Kisha uliza kama injini ziko kwenye mkataba wa matengenezo wa kulipia kwa saa, kama ule wa CorporateCare wa Rolls-Royce, na kama malipo hayajawahi kukatika. Akikwambia yalisimama kidogo tu, kipindi fulani, lakini yatapangwa upya mkishakubaliana bei, mshukuru kwa kahawa. G550 zilitengenezwa zaidi ya 600, utaipata nyingine.